Jina la Kampuni ni Nguo ya Kuazima

Leo tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na viwanja, tuongee kitu kinachoitwa ajira. Msifunue ukurasa mwingine jamani, subirini kwanza!

Sisi vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Mtu akimaliza shule na cheti chake mkononi hatafuti kazi, anatafuta jina. Anataka kampuni kubwa, ile yenye jengo la vioo, kiyoyozi mpaka chooni, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Akikipata hicho kitambulisho hakivui! Anapanda nacho daladala, anaingia nacho baa, Jumapili anakwenda nacho kanisani. Tusimcheke sana, maana ni sisi tunaompa kichwa. Mtaani hatumuulizi mtu anafanya kazi gani. Tunamuuliza, "Uko wapi siku hizi?" Akitaja jina linalojulikana, hata baba mkwe anamsogezea kiti.

Na siku hizi majina yanayotesa ni ya kampuni za kompyuta. Kijana akishajua kutengeneza programu moja mbili, usingizini anaota yuko ndani ya kampuni kubwa ya Wamarekani, anakula bure, anaendesha gari la maana. Sawa, kuota siyo dhambi. Lakini huko ndani kukoje? Ukishapewa meza na kiti cha kuzunguka, miaka 20 baadaye unakuwa nani?

Nimewachagulia kampuni moja ya mfano, tena siyo ya juzi juzi. Ni IBM ya Marekani. Huyu ni bibi kizee wa kampuni za kompyuta, ameshaona kila kitu, na maisha ya waliofanya kazi kwake yameandikwa sana, na wakubwa wake wenyewe, na magazeti, hadi mahakamani yamefika. Tuingie ndani.

Kampuni hii ilianza mwaka 1911, wakati kompyuta haijazaliwa. Ilikuwa inatengeneza mizani, mashine za kukatia nyama, saa za kuandika muda wafanyakazi wanapoingia na kutoka, na mashine za kuhesabu kwa kadi zilizotobolewa. Mwaka 1914 akaletwa mzee mmoja anaitwa Thomas Watson. Ujanani mzee huyu alikuwa anazunguka vijijini na mkokoteni wa farasi akiuza vinanda na cherehani, kwa hiyo maneno alikuwa nayo. Mwaka 1924 kampuni ikabadilishwa jina, ikawa IBM.

Basi bwana, mzee Watson akaigeuza kampuni kuwa kama dini. Kila ukuta ulikuwa na kibao kimeandikwa neno moja tu: Fikiri. Mauzo walivaa suti nyeusi na shati jeupe, na pombe mzee alikuwa hataki hata kuisikia. Halafu kulikuwa na kitabu cha nyimbo. Siwatanii! Watu wazima na vitambi vyao walikuwa wanasimama kwenye mikutano wanaimba nyimbo za kuisifu kampuni na mzee mwenyewe.

Utasema walikuwa wajinga. Hapana. Sikia walichokuwa wanapewa. Miaka ya 1930 uchumi wa dunia ulipoanguka, wakati viwanda vingine vya Marekani vinamwaga watu barabarani, Watson hakufunga viwanda vyake. Mwaka 1934 wafanyakazi wakapata bima ya maisha. Mwaka 1935 familia ya aliyefariki ikaanza kulipwa mafao. Mwaka 1937 ikaja likizo yenye malipo. Kulikuwa na klabu ya michezo ya kampuni ambayo ada yake ilikuwa dola 1 kwa mwaka. Ukiwa na malalamiko, mlango wa mkubwa uko wazi, unaweza kupeleka kilio chako mpaka juu kabisa. Na ukifikisha miaka 25 kazini, kulikuwa na chama chenu maalum, mnakaa meza ya wakongwe.

Kubwa kuliko yote ilikuwa ahadi: ukifanya kazi yako vizuri, hufukuzwi kwa sababu eti biashara mbaya. Haikuwa kwenye mkataba lakini kila mtu aliijua, na kampuni iliitekeleza miaka na miaka. Katika miji kama Endicott, jimbo la New York, baba alifanya kazi IBM, mtoto akamfuata, mjukuu naye akaingia. Hebu niambie, wewe mwenyewe usingeimba? Mimi ningekuwa naongoza kwaya!

Sasa tuangalie na bei ya mapenzi hayo, maana hakuna cha bure mjini.

Bei ya kwanza ilikuwa kuhamishwa. Leo uko New York, mwakani wanakupeleka Texas, mke ndiyo kwanza amezoeana na majirani na watoto wameshapata marafiki, barua inakuja tena, fungeni mizigo. Wafanyakazi wakawa wanatania kwamba zile herufi tatu za jina la kampuni, kwa Kiingereza chao, maana yake ni "nimehamishwa".

Bei ya pili ilikuwa kufanana. Mtoto wa mzee Watson, Thomas mdogo, ambaye alishika usukani mwaka 1956, alikuwa anapenda kusema kampuni inahitaji bata mwitu, yaani watu wenye vichwa vyao wasiofugika. Bata mwitu ukishamfuga, alisema, humrudishi tena kuwa mwitu. Maneno mazuri. Mfanyakazi wake mmoja akajibu kwamba hata bata mwitu huruka wamepangana mstari mmoja. Hapo unapata picha ya ofisi ilivyokuwa.

Bei ya tatu ilikuwa mikutano. Kwenye kampuni ndogo ukiwa na wazo unamfuata bosi, unamwambia, mnajaribu. Kwenye kampuni kubwa ya siku nyingi wazo lako linapita kwa kigogo huyu, kwa kigogo yule, na kila mmoja ana haki ya kusema sikubaliani. Pale IBM hiyo "sikubaliani" ilikuwa na jina lake rasmi la ofisini! Idara moja ikilitamka, jambo limekwama.

Ndiyo maana moja ya bidhaa zao zilizovuma kuliko zote ilitengenezwa mbali na makao makuu. Mwaka 1980 kikundi kidogo kilijitenga Boca Raton, Florida, kule kwenye jua na bahari. Wakapewa kama mwaka mmoja watengeneze kompyuta ndogo ya mezani. Badala ya kungoja kila idara ikubali, wakanunua vifaa nje, na ile programu ya kuendeshea kompyuta wakaichukua kwa vijana wa kampuni ndogo wakati huo inayoitwa Microsoft. Agosti 1981 mashine ikatoka, ikatikisa dunia. Kompyuta nyingi unazoziona maofisini leo ni wajukuu wa ile.

Kufika mwaka 1985 IBM ilikuwa na wafanyakazi wapatao 405,000. Mji mzima wa watu wenye mashati meupe. Nani angefikiria balaa?

Balaa lilikuja. Wengine wakaiga ile kompyuta ndogo na kuiuza kwa bei poa, Microsoft wakavuna pesa za programu, na zile kompyuta kubwa zilizokuwa zinailisha IBM zikaanza kukosa wateja. Mwaka 1992 ikapata hasara ya karibu dola bilioni 5. Mwaka 1993 hasara ikazidi dola bilioni 8. Ile ahadi ya mzee Watson ikazikwa. Aprili 1993 akaletwa bosi kutoka nje, Lou Gerstner, ambaye alikuwa anaongoza kampuni ya biskuti na sigara. Muuza biskuti kwenye kompyuta! Julai mwaka huo huo akatangaza watu 35,000 zaidi watapunguzwa. Ilipofika mwaka 1994 waliobaki walikuwa kama 220,000 tu.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, msomaji wangu. Namba kubwa hazilii, watu ndio wanaolia. Chukua mji kama Kingston, jimbo hilo hilo la New York. Kiwanda cha IBM pale kilifungwa mwaka 1995. Mji mdogo kama ule, kampuni ikiondoka haiondoki peke yake. Anakosa wateja kinyozi, anakosa wateja mama wa mgahawa, na nyumba uliyoijenga kwa jasho lako huwezi kuiuza kwa sababu kila mtu anauza.

Na mfikirie mtu wa miaka 50. Aliingia akiwa kijana mbichi, hajawahi kuandika barua nyingine ya kuomba kazi maisha yake yote. Kila alipojitambulisha, alianza na jina la kampuni, halafu lake. Benki walimkopesha kwa jina lile. Asubuhi moja kibarua kimeota nyasi, kitambulisho amekirudisha mlangoni. Akijitambulisha sasa anasema nini? Wazee wetu walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwenyewe akiitaka, anaivua palepale hadharani.

Simlaumu Gerstner kwa kila kitu. Alipofika, mpango ulikuwa kuigawa kampuni vipande vipande, yeye akakataa, akaifufua ikiwa nzima. Baadaye aliandika kitabu, mwaka 2002, akauliza nani kasema tembo hawezi kucheza. Tembo wa porini jamani, siyo lile la mnazi! Katika kitabu hicho anasimulia mkutano mmoja wa mwanzo. Wakubwa wote wamevaa mashati meupe, yeye kavaa la bluu. Wiki chache baadaye wakakutana tena. Yeye kaja na jeupe, wenzake wote wamevaa ya rangi! Halafu kuna siku meneja mmoja alikuwa anamweleza biashara kwa kutumia projekta, karatasi baada ya karatasi. Gerstner akainuka, akaizima mashine, akasema tuongee tu. Habari ikaenea kampuni nzima kana kwamba mtu kachoma bendera.

Cheka, lakini ukimaliza kucheka jiulize. Watu wale walikuwa na akili kuliko mimi na wewe. Watafiti wa IBM wamepata Tuzo ya Nobel, 1973, 1986 na 1987. Sasa kwa nini mtu mwenye akili namna hiyo abadilishe shati kwa kumwangalia bosi? Kwa sababu akikaa sana mahali pakubwa, macho yanahama. Yanaacha kumwangalia mteja na kazi, yanabaki kumwangalia mkubwa. Ugonjwa huo hauko IBM peke yake. Tazama ofisi yoyote ya karibu nawe.

Unaweza kusema hayo ni ya zamani. Haya, tuje karibu. Mwaka 1999 kampuni ilibadilisha mpango wa pensheni, na wafanyakazi wa umri wa makamo wakapiga hesabu wakaona wanapunjwa. Wale watu wapole wa mashati meupe wakapiga kelele hadi zikafika bunge la Marekani. Septemba mwaka huo kampuni ikarudi nyuma kidogo, watu kama 35,000 zaidi wakaruhusiwa kuchagua kubaki na mpango wa zamani. Kumbe sauti wanayo, walikuwa hawaitumii tu.

Mwaka 2017, baada ya miaka mingi ya kuwasifia watu wanaofanyia kazi nyumbani, kampuni ikawaambia wengi wao warudi kukaa kwenye ofisi za miji michache iliyochaguliwa. Una nyumba na watoto wako shule mji mwingine? Hamia, au tafuta kwingine. Akufukuzaye hakwambii toka.

Mwaka 2018 waandishi wa ProPublica walikadiria kwamba kwa miaka mitano IBM ilikuwa imewaondoa Wamarekani kama 20,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Mwaka 2020 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa kazini ikasema imeona ushahidi wa ubaguzi wa umri kati ya mwaka 2013 na 2018. Kampuni ilikana. Lakini mwaka 2022 nyaraka za mahakamani zikaonyesha vigogo wakiandikiana kuhusu wafanyakazi wazee na kuwaita watoto wa dinosaria. Mtu amekupa ujana wake wote, unamlipa kwa utani wa namna hiyo! Na mwaka 2023 mkuu wa kampuni, Arvind Krishna, alisema kazi za nyuma ya pazia kama 7,800 zinaweza kuchukuliwa na akili bandia ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo wewe unayekwenda kukalia kile kiti cha kuzunguka, ujue kuna mashine inakisubiri.

Sasa nakuambia usiende? Wala! Ukiitwa, vaa viatu vyako ukimbie. Huko kuna shule ambayo hakuna ada inayoweza kuinunua. Huyo Krishna aliingia mwaka 1990, akawa mkuu mwaka 2020. Kabla yake alikuwepo mama Ginni Rometty, aliingia mwaka 1981 akiwa injinia tu, mwaka 2012 akakalia kiti cha juu kabisa. Ngazi ipo na wapo wanaoipanda. Tena hata jirani zetu wameonja. Mwaka 2013 IBM ilifungua maabara ya utafiti Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, na wakaajiriwa Waafrika wenye shahada nzito.

Ila mimi wananifurahisha zaidi wengine. Mwaka 1972 vijana watano wa IBM kule Ujerumani walikuwa na wazo la programu ya kuendesha hesabu za makampuni, na kampuni haikuwa na haja nalo. Hawakununa. Wakatoka, wakaanzisha yao, inaitwa SAP, na leo makampuni makubwa dunia nzima yanaendesha mahesabu yake kwa programu zao. Na kuna Tim Cook, alikaa IBM miaka 12 akijifunza jinsi mzigo unavyotoka kiwandani mpaka unamfikia mteja. Akaondoka. Mwaka 2011 akawa mkuu wa Apple. Hao walipoondoka waliacha kitambulisho mlangoni kama wenzao wa Kingston, lakini walitoka na kitu ambacho mlinzi hawezi kukikagua. Walitoka na ujuzi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uikamate. Kuna mtu anafanya kazi kwenye kampuni kubwa, na kuna mtu kampuni kubwa ndiyo kazi yake. Wa kwanza akiulizwa anafanya nini, anakueleza hadi unaelewa. Wa pili anakuonyesha kitambulisho.

Kwa hiyo ukibahatika kupata shavu, fanya mambo haya. Kila mwaka jiulize, nikitolewa kesho nitakuwa najua nini ambacho mwaka jana nilikuwa sijui? Kama jibu ni majina ya mabosi wapya, shtuka. Pensheni yako isome mwenyewe, usingoje kusimuliwa kantini. Weka akiba yako pembeni na uwe na marafiki nje ya lile geti, watu wanaokuita kwa jina ulilopewa na mama yako. Na ukienda kuonana na baba mkwe, kile kitambulisho kiache nyumbani. Mwambie unafanya kazi gani. Akikusogezea kiti hapo, hicho ni chako.

Tukutane wiki ijayo. Wanaosaka kazi, msikate tamaa. Walio kazini, someni mikataba yenu!